Nguzo ya Sitini na Nne

Mbio za jiji hukimbiwa mara moja kwa mwaka, na kwa miaka kumi na mmoja koni ya kugeuzia nimeiweka mimi. Wakimbiaji hutoka uwanjani, hufuata barabara kuu kilomita tano, huizunguka koni, hurudi walikotoka. Kilomita kumi kamili. Hakuna aliyewahi kunishukuru na wala sikungoja. Ukiona mtu wa idara ya barabara anashukuriwa, ujue kuna mzigo mwingine wanataka kumtwika.

Mwaka huu binti yangu alikuwa anakimbia kwa mara ya mwisho. Nasema ya mwisho kwa sababu ya afisa wa timu ya jeshi. Kila mwaka afisa huyo husimama kwenye mstari wa kumalizia na saa yake na daftari lake, na msichana yeyote anayemaliza chini ya dakika thelathini na tano, kama hajatimiza miaka ishirini na mitano, anachukuliwa. Anapewa sare, kitanda, kazi ya kudumu na mtu wa kumfundisha. Binti yangu alibakiza wiki tano atimize hiyo ishirini na mitano. Mwaka jana alimaliza kwa dakika thelathini na tano na sekunde kumi na tisa. Sekunde kumi na tisa! Mtu anazimaliza hizo akifunga kamba za viatu.

Kutwa anapiga pasi mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia. Anasimama kwenye mvuke tangu asubuhi, akirudi nyumbani anavua viatu vya kazi, anavaa vya mbio, anatoka tena. Kucha mbili za mguu wa kulia zilishang'oka zikaota zikang'oka. Mimi sikuwahi kumwambia aache, wala sikumwambia aendelee. Wa kumwambia mambo hayo alikuwa mama yake.

Mama yake tulimzika miaka mitatu iliyopita. Alibanwa kifua, tukampeleka hospitali, na mtungi wa hewa ulikuwepo, niliuona kwa macho yangu kupitia kioo cha stoo. Ufunguo ndio haukuwepo. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Nikauliza, semina ya nini? Nesi akasema ya kuboresha huduma. Mke wangu alisikia, akanitazama kama anayetaka kucheka, pumzi ikamkatalia. Angekuwa mzima yeye na mgonjwa ni mimi, kioo kile angekipasua kwa kiatu. Mimi nilikaa kwenye benchi nikasubiri semina iishe.

Basi. Mwezi mmoja kabla ya mbio, wakubwa walipata habari kwamba kuna mgeni mzito atakuja kupiga bastola ya kuanzishia. Barabara iliyoomba viraka miaka sita ikapata lami mpya kwa siku nne. Nguzo za taa za zamani zikang'olewa, zikasimikwa mpya, nyembamba, zenye mwanga mweupe wa kuumiza macho, zikapakwa namba upya kuanzia kwenye mzunguko wa magari.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mahali pa kugeuzia hapakadiriwi kwa jicho. Mwaka ule wa kwanza alikuja mpimaji na baiskeli yenye kidude cha kuhesabia kwenye gurudumu la mbele. Akapima njia yote, na kilomita ya tano ilipotimia akaniambia nigongelee hapo msumari mnene, wenye kofia pana kama kizibo cha soda. Nikaupiga mpaka ukalala sawa na lami. Tangu hapo kila mwaka naupapasa kwa soli ya kiatu, nikiupata naweka koni juu yake, kazi imekwisha. Ofisini, kwa sababu wao hawapapasi kitu kwa kiatu, waliandika kwenye karatasi: nguzo ya taa namba sitini na nne.

Lami mpya ikaufunika msumari. Na nguzo mpya zimesogeleana kuliko zile za zamani, kama hatua mbili tu. Hatua mbili si kitu. Lakini zihesabu mara sitini na nne uone unafika wapi. Walioagiza lami, walioagiza nguzo na wanaopanga mbio wote wako jengo moja, ghorofa moja, chai yao inatoka birika moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Asubuhi ya mbio, saa kumi na mbili, gari la idara likanishusha mimi, koni yangu kubwa, bendera na simu ya upepo. Nguzo ya sitini na nne niliiona mara moja, rangi ya namba bado inang'aa. Nilipotazama pembeni nikaona ukuta mtupu. Miaka yote nilikuwa nageuzia watu mbele ya kibanda cha fundi wa matairi. Kibanda chenyewe kilikuwa kule mbele, hatua mia na ushei.

Nikaenda. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, amekunja mikono kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kazi vipi?"

"Kazi gani? Mmefunga barabara, mnataka nizibe pancha za viatu? Na mbona leo umejitenga kule? Nimekuudhi?"

"Namba ndiyo iko kule."

"Namba gani tena? Wewe kila mwaka si unasimama hapa mlangoni kwangu, unakunywa maji yangu, na bilauri mwaka juzi ukaondoka nayo?"

"Niliirudisha."

"Uliirudisha ina ufa. Pa kugeuzia ni hapa, mzee. Niliona kwa macho yangu ukipanga, mbele ya huo mfuniko wa mtaro."

Mfuniko ulikuwepo, umevunjika pembe moja kama siku zote. Msumari ulikuwa hatua tatu kutoka hapo, chini ya lami yao nzuri. Nikapiga simu ya upepo kwa Filimbi. Filimbi ndiye msimamizi wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu filimbi haimtoki shingoni. Wanasema hata siku ya harusi yake aliivaa ndani ya shati.

"Bosi, hii nguzo ya sitini na nne siyo. Pa kugeuzia ni mbele zaidi, kwa fundi wa matairi."

"Mzee wangu, karatasi inasemaje?"

"Inasema sitini na nne, lakini nguzo zimebad—"

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

Simu ya upepo haina siri. Njia nzima ilikuwa inasikiliza, walio kwenye meza za maji, walio kwenye vizuizi, wa gari la wagonjwa.

"La nne," nikasema.

"Sawa. Aliyeandika karatasi ana digrii mbili. Weka koni ilipoandikwa, usinianzishie asubuhi yote hii."

Mtu mmoja akacheka hewani. Nikarudi kwenye nguzo, nikaweka koni.

Kwa wengi niliowasimulia habari hii, nimeishia hapo. Wanatikisa kichwa, wanasema wakubwa ni wale wale, na mimi nakubali. Lakini baada ya kuweka koni nilibaki nusu saa nzima peke yangu. Barabara ilikuwa tupu. Filimbi alikuwa uwanjani anamfutia vumbi mgeni mzito. Koni ile ni ya plastiki, nainyanyua kwa mkono mmoja. Ningeibeba hatua mia na ushei, nikaitua mbele ya mfuniko, na hakuna ambaye angejua isipokuwa fundi. Wala Filimbi nisingemwita tena, ningefanya tu.

Niliinyanyua. Naapa niliinyanyua. Halafu nikakumbuka sekunde kumi na tisa.

Nikasema moyoni: maisha yangu yote uzembe wao unaniangukia mimi. Ufunguo wa stoo uliniangukia mimi. Leo wameupoteza msumari wao wenyewe, na mara hii, mara moja tu, uzembe umeangukia upande wetu. Nani kaniomba nimsaidie mwenye digrii mbili? Nikaitua koni pale pale, nikavaa miwani ya mbao, nikasimama na bendera yangu kama mtu asiyejua kuhesabu.

Wanaume walipita kwanza, wananuka dawa ya misuli. Kisha wanawake. Wa kwanza, wa pili, na wa tatu alikuwa yeye, namba mia mbili na kumi na saba imebandikwa kifuani, mdomo wazi. Hakunitazama. Alitazama koni, akaizunguka kwa karibu sana mpaka bega lake likagusa bendera, akaniachia mgongo. Nilitaka kuita jina lake. Nikamuita "haya, haya," kama ninavyowaita wote.

Alimaliza kwa dakika thelathini na nne na sekunde ishirini na moja.

Siku nne nyumba yetu ilikuwa na sauti. Afisa aliandika jina lake daftarini, akampa karatasi ya vipimo vya afya. Binti yangu aliisoma mezani, akaisoma amesimama, akaisoma huku anapiga mswaki. Kazini alimuaga mama msimamizi wa zamu, yule mama akamwambia, "Nenda mwanangu, ukifika huko usipige pasi hata leso." Aliniuliza, "Baba, nani atakupikia?" Nikamwambia, "Nitakula nitakachopika mwenyewe, adhabu yangu." Tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Siku ya tano mambo yakaenda mrama. Kocha mmoja wa kutoka mji mwingine, ambaye wasichana wake walivaa zile saa za mkononi zinazopima umbali, alipeleka malalamiko. Saa zote zilionyesha chini ya kilomita kumi. Wakamleta mpimaji yule yule, kazeeka sasa, na baiskeli ile ile. Akapima. Njia ilikuwa pungufu kwa mita mia mbili na tatu. Na njia ikiwa pungufu, muda haupo. Si kwamba unapunguzwa au unaongezwa. Haupo. Wenye kujua hesabu walisema mita mia mbili kwa mwendo wake ni kama sekunde arobaini, kwa hiyo huenda angepita, huenda asingepita. Hakuna ajuaye na hatajua mtu.

Binti yangu alirudi na habari hiyo akiwa na viatu vya kazi. Hakulia.

"Baba, kuna njia. Wamesema wakihakikisha kosa ni la waandaaji peke yao, mbio zitarudiwa baada ya wiki mbili. Nitakuwa bado nina umri. Wanataka mtu aje kwenye kamati aseme ilivyokuwa."

"Mtu gani?"

"Aliyeweka koni."

Nikageukia jiko. Yeye akadhani nahofia kupoteza kazi yangu.

"Baba, sema ukweli tu. Si ulimwambia Filimbi? Njia nzima walisikia. Nenda ukaseme. Mara hii tu usikae kwenye benchi."

Sikujua kama alikuwa akiifikiria ile benchi miaka yote hiyo.

Siku moja kabla ya kikao Filimbi alinifuata stoo, tunakopanga vizuizi na madebe ya rangi. Kwa mara ya kwanza hakuwa amesimama juu yangu. Alijikunja akakaa kwenye debe.

"Mzee wangu, sisi ni familia. Sema uliona namba vibaya. Macho ya uzee, kila mtu ataelewa. Unapewa onyo la karatasi, mwaka unaisha unastaafu vizuri."

"Na mbio?"

"Mbio hazirudiwi. Nani ana nguvu ya kurudia mbio? Wewe jilinde."

"Unataka kuniangushia jumba bovu."

"Mimi nakupa mwavuli, mzee. Jumba linaanguka hata hivyo."

Nikamwambia atoke kwenye debe, lina rangi mbichi. Halikuwa na rangi, lakini aliruka.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolia. Walikuwepo mwenyekiti, mama katibu, kocha mlalamikaji, mpimaji na Filimbi. Kila mmoja chupa ya maji mbele yake. Mimi niliwekewa kiti, maji hapana. Binti yangu alikaa ukutani nyuma yangu, kwa kuwa wakimbiaji waliruhusiwa kusikiliza.

Nikasema yote. Msumari, lami, nguzo, hatua mbili mbili, fundi wa matairi, simu ya upepo, darasa la nne. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama katibu aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Mpimaji aliitikia kwa kichwa, akasema, "Msumari alioutaja uko hapo hapo nilipopima." Kocha akasema, "Kosa ni la ofisi, liko wazi." Nikasikia nyuma yangu binti yangu anavuta pumzi ndefu. Filimbi alikuwa anatazama meza.

Mwenyekiti akasema, "Tunakushukuru, mzee."

Ningepaswa kujua. Nilisema mwenyewe mwanzoni, mtu wa barabara akishukuriwa.

"Maswali madogo tu ya kufungia," akasema. "Ulipotoka kwa fundi, ulikuwa na uhakika kwamba pale kwenye nguzo ni pungufu?"

"Nilikuwa na uhakika."

"Uliita kwenye simu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na mbio zilianza baada ya muda gani?"

"Nusu saa. Zaidi kidogo."

"Ndani ya nusu saa hiyo ulifanya nini?"

Feni ikalia. Nikasema nilisimama.

Hapo Filimbi akainua kichwa. Nilimwona alivyouona mlango wa kutokea. Hakuharakisha, alifungua chupa yake, akanywa, akafunga.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mzee atusaidie jambo moja. Huyu mkimbiaji namba mia mbili na kumi na saba ni nani wake?"

Nilitafuta la kusema lisilokuwa uongo na lisilokuwa ukweli. Sikulipata.

"Ni mwanangu."

Mama katibu akaacha kuandika, kisha akaandika haraka haraka. Kocha, aliyekuwa upande wangu dakika mbili zilizopita, akasukuma kiti nyuma akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu. Mwenyekiti akauliza kama binti alijua. Binti yangu akasimama akasema hakujua. Wakamwambia akae, atasikilizwa kwa maandishi. Nikapiga meza, nikasema mtoto hajui kitu, nikasema nani alifukia msumari, nani alibadilisha namba, muulizeni mwenye digrii mbili! Wakaniambia nitulie. Filimbi akanisogezea chupa yake ya maji.

Barua ilikuja baada ya siku sita. Mbio hazitarudiwa, kwa kuwa kuna dalili za hila kati ya mtumishi na mkimbiaji. Mtumishi amesimamishwa kazi. Mkimbiaji haruhusiwi kushiriki mashindano yoyote kwa miaka miwili. Afisa wa jeshi alimpigia simu yeye mwenyewe, akamwambia kwa upole arudishe ile karatasi ya vipimo. Waliofukia msumari wako ghorofa ile ile. Filimbi amepewa mbio zote za mwaka ujao, pamoja na za baiskeli.

Lakini siku ya kikao, kabla ya barua, tulirudi kwa miguu, mimi na yeye. Alitembea mbele hatua chache, nami nikamfuata. Tulipofika kona ya kwetu alisimama bila kugeuka.

"Baba, hiyo nusu saa. Ulisahau, au ulifikiri?"

"Nilifikiri."

"Ulifikiri nini?"

"Zile sekunde za mwaka jana. Nikasema angalau—"

"Mimi mwaka huu nilikuwa nimejiandaa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi. "Nilikuwa na nguvu nilipofika kwako. Ningemaliza hizo mita na nguvu zikabaki. Wewe kila siku uliniona natoka, ukaniona narudi. Kwa hiyo na wewe uliamini siwezi."

Nikasema hapana. Nikasema ni wao, wangeacha msumari wao mahali pake, wangenisikiliza, mama yako angekuwepo. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Yeye alisubiri nimalize, kisha akafungua mlango.

Alitimiza ishirini na mitano siku ya Jumatano, akaenda kazini. Sasa anapiga zamu mbili, mama msimamizi alimrudisha bila neno. Jioni hatoki tena. Asubuhi anasimama mlangoni kwangu, ameshavaa, anasema shikamoo baba, kwa heshima zote, kama alivyofundishwa. Nami naitikia marahaba. Nasubiri neno la pili. Nasikia mlango wa nje.